Mwangwi unapungua mto unapochafuka: ADCP inaweza kupima mashapo ya Sabaki?

Mpimamaji wa Darajani (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi wa vipimo vya maji, na kituo changu kikuu ni daraja la Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi. Anayeufahamu mto huu hahitaji kuelezwa tabia zake: huko juu ni Athi, ukishaungana na Tsavo huitwa Galana, na ukitufikia sisi wa pwani ni Sabaki, ukiwa umekwisha kukomba udongo wa kila shamba na kila malisho uliyoyapitia. Msimu wa kaskazi maji yake mekundu huelekea kusini na kuufuata ufuo mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo imelindwa tangu mwaka 1968, na hapo ndipo tunapoulizwa swali lile lile kila mwaka: mto umeshusha tani ngapi za mashapo, yaani udongo na mchanga unaobebwa na maji?

Mpaka sasa jibu letu limetoka kwenye chupa. Tunateremsha chupa kwa kamba, tunachuja maji, tunakausha karatasi ya chujio katika tanuri kwa nyuzi 105, kisha tunapima uzito. Ni kazi ya kuaminika, lakini chupa hutoa habari ya dakika ile ile ilipojazwa, na mafuriko ya Sabaki yana desturi ya kupita usiku, wakati ambapo hapa darajani hakuna aliye macho isipokuwa viboko. Kwa kuwa tunayo ADCP, yaani kile kipima mkondo cha Doppler kinachotumia sauti, ya kilohezi 1200, ambayo huelea juu ya boya dogo na kuangalia chini, nilivutiwa niliposoma kwamba nguvu ya mwangwi unaorudi kutoka kwenye chembe zilizomo majini inaweza kugeuzwa kuwa gramu kwa lita. Nikakusanya chupa na mwangwi kwa pamoja, nikachora desibeli upande mmoja na logi ya ukolezo, yaani hizo gramu kwa lita, upande wa pili.

Wakati wa maji machache nukta zangu zilijipanga vizuri mno, kila mwangwi ulipoongezeka na gramu zikaongezeka. Mvua za vuli zilipoanza, mambo yaligeuka. Siku mto ulipofura, chupa ilitoka na maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa, na hata hivyo mwangwi wa kina cha mita 2 ulikuwa dhaifu kuliko ule wa miezi ya ukame. Ukiufuata mstari wangu, basi siku ile Sabaki ulikuwa maji ya kunywa. Mkuu wangu anaamini kwamba kifaa kimeharibika na anataka kirudishwe kwa muuzaji. Mimi nimekijaribu kwenye tangi la maji safi na sikuona kasoro yoyote. Naomba mwenye uzoefu anieleze: kosa liko kwenye kifaa, kwenye hesabu zangu, au njia yenyewe haifai kwa mto wa tope kama huu?

Mzee wa Mikondo, Morogoro

Marahaba, kijana wangu. Usikirudishe kifaa hicho, kwa sababu kinakwambia kweli ila wewe umekiuliza swali jingine.

Fikiria sauti kama msafiri anayetozwa ushuru njiani, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Ushuru wa kwanza ni ule wa kutanuka: kadiri mwale wa sauti unavyokwenda mbali ndivyo unavyopanuka, na nguvu yake hugawanyika juu ya eneo kubwa zaidi. Huo hurekebishwa kwa kuongeza 20 mara logi ya umbali. Ushuru wa pili hutozwa na maji yenyewe, ambayo humeza sauti na kuigeuza kuwa joto. Katika maji baridi yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 20, sauti ya kilohezi 1200 hupoteza takriban desibeli 0.3 kwa kila mita, na kiasi hicho hupungua maji yanapopata joto. Nina hakika hizo mbili umezilipa, kwa maana programu nyingi huzilipa zenyewe. Ushuru wa tatu ndio unaosahaulika, nao hutozwa na mashapo. Udongo unaourudishia mwangwi ndio huo huo unaoumeza. Maji yakiwa na udongo kidogo, kumeza ni kudogo na mwangwi hupanda pamoja na gramu, kama ulivyoona wakati wa ukame. Udongo ukizidi, hasa ule mfinyanzi mwembamba, sauti humezwa kabla haijafika mita 2, na hata kile kichache kilichofika huko na kurudi humezwa tena njiani. Ndipo mto wa chai ya maziwa unapoonekana kama mto mtupu.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo, na nimeona watu wenye shahada zao wakijikwaa hapo. Mwangwi hauhesabu gramu peke yake. Chembe ikiwa ndogo sana ukilinganisha na urefu wa wimbi, na kwa kilohezi 1200 urefu wa wimbi majini ni kama milimita 1.25, basi kwa uzito ule ule wa mashapo nguvu ya mwangwi hukua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wa chembe. Maradufu ya kipenyo ni mara nane ya mwangwi. Chukua gramu moja ya mchanga wenye kipenyo cha milimita 0.2, uilinganishe na tope lenye chembe za milimita 0.02: ile gramu moja ya mchanga hurudisha mwangwi sawa na kilo nzima ya tope. Kwa hiyo wakati wa ukame, mstari wako mzuri pengine ulikuwa unapima mchanga uliokuwa ukinyanyuliwa kutoka sakafuni na mkondo, na tope lote lililokuwa likipita lilikuwa halisikiki.

Kabla ya kugusa hesabu, fanya jaribio moja la meza. Chukua maji ya siku ya mafuriko, yatie katika chupa ya kioo, yatikise, kisha uyaache yatulie huku ukitazama saa. Mchanga wowote ulio juu ya milimita 0.063 utakuwa umeshuka sentimita 10 ndani ya nusu dakika hivi. Chembe za mfinyanzi za milimita 0.002 zitahitaji kama saa 8 kushuka urefu huo huo. Ukiona kwamba baada ya nusu dakika chupa ingali chai ya maziwa, na chini yake kuna utando mwembamba tu wa mchanga, utakuwa umejua mto wako umebeba nini siku ile. Baadaye upitishe sampuli zote kwenye chekecheo la maikroni 63, yaani hiyo hiyo milimita 0.063, na uandike uzito wa mchanga mbali na uzito wa tope. Mtu akiniletea namba moja ya gramu kwa lita bila ya kutenganisha hivyo, siwezi kumsaidia chochote katika jambo hili la sauti.

Msomaji wa Mawimbi

Nipo masomoni Uholanzi na somo langu ni hili hili, kwa hiyo nitaongeza tarakimu chache juu ya yale ambayo Mzee ameyasema vizuri kuliko walimu wangu.

Mfinyanzi humeza sauti kwa sababu ya mnato wa maji. Wimbi linapopita, maji hutikisika huku na huku, na chembe iliyo nzito kuliko maji huchelewa kidogo kuyafuata, hivyo maji na chembe husuguana na nishati hupotea. Chembe ikiwa ndogo mno huyafuata maji bila kuchelewa, na ikiwa kubwa eneo lake la kusuguana huwa dogo kwa uzito wake. Katikati ya hali hizo mbili, kwenye kipenyo cha maikroni moja au mbili kwa masafa ya kifaa chako, yaani zile kilohezi 1200, hasara hufikia kilele. Nikipiga hesabu kwa nadharia ya Urick ya mwaka 1948, ambayo hadi leo ndiyo tunayoitumia, chembe za maikroni 1 kwa kilohezi 1200 hupoteza takriban desibeli 2 kwa kila mita kwa kila gramu moja kwa lita. Tuseme siku ile mto ulikuwa na gramu 3 za tope kwa lita. Hadi kina cha mita 2 na kurudi ni mita 4 za safari, na hasara yake ni desibeli 24. Kwenye mchoro wako desibeli 10 ni sawa na mara kumi ya ukolezo. Kwa hiyo desibeli 24 ulizokosa zinaweza kuficha zaidi ya mara mia mbili. Ndugu yangu, hakuna mstari utakaovumilia hasara hiyo.

Nikitumia hesabu ile ile kwa kilohezi 600, hasara hushuka chini ya desibeli 1 kwa mita. Huenda ukashawishika kuazima kifaa cha masafa ya chini. Ni wazo jema kwa upande wa kumezwa, lakini kumbuka kwamba nguvu ya mwangwi wa chembe ndogo hukua kwa kipeo cha nne cha masafa, na ukiyapunguza masafa kwa nusu utausikia mwangwi wa tope mara kumi na sita chini ya ulivyokuwa. Utaona mbali zaidi, na tope utalisikia kidogo zaidi.

Suluhisho lililonishawishi mimi ni lile la Grand Canyon, bonde kuu la mto Colorado huko Marekani. Bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuuzuia mto Colorado mwaka 1963, mchanga wa kutoka juu ulikwama bwawani, na fukwe za mchanga zilizomo bondeni zikabaki kutegemea mito midogo ya pembeni kama Paria. Wataalamu wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walihitaji kujua mchanga unaingia kiasi gani na unatoka kiasi gani, usiku na mchana. Walifunga ukingoni vifaa vinavyopiga sauti kwa mlalo kuelekea katikati ya mto, vya kilohezi 600, megahezi 1 na megahezi 2, vikipima kila baada ya dakika 15. Uzuri wa mbinu yao ni kwamba kile kilichokusumbua wewe wamekifanya kipimo. Kumezwa kwa sauti huwapa kiasi cha tope, na mwangwi, baada ya kurudishiwa kile kilichomezwa, huwapa kiasi cha mchanga. Kwa hiyo wanapata tarakimu mbili zinazojitegemea kutoka kwenye mlio mmoja, na kwa kulinganisha masafa tofauti hukadiria hata ukubwa wa mchanga.

Kumezwa huko hupatikana hivi. Chukua mwangwi wa kila seli, yaani kila kipande cha umbali ambacho kifaa hukipima peke yake, ongeza ushuru wa kutanuka na ule wa maji, kisha uuchore dhidi ya umbali. Kama mashapo yametawanyika sawasawa katika njia ya mwale na hayamezi chochote, mstari utalala. Ukiteremka, nusu ya mteremko wake ndiyo desibeli kwa mita zinazomezwa na mashapo, kwa sababu sauti imepita njia hiyo mara mbili. Hebu jaribu kuchora hivyo data zako za siku ya mafuriko kabla ya jambo jingine lolote.

Na kwa kuwa umeyataja matumbawe ya Malindi: tumbawe moja la huko lililochunguzwa lilikutwa limehifadhi katika bariamu yake kumbukumbu ya takriban miaka 300 ya udongo wa mto huo. Wewe unaomba data ya usiku mmoja tu.

Nahodha Mstaafu

Mimi si mtaalamu wa maabara, ila nimevua samaki kati ya Malindi na Ngomeni miaka mingi, na haya mnayoyasema nimeyaona kwenye kioo cha kutafutia samaki. Chetu kina masafa mawili, kilohezi 50 na 200. Mto unapomwaga, ukiwa kwenye 200 kioo chote hujaa ukungu kutoka juu hadi chini, na asiyejua hudhani amepata kundi la dagaa. Ukihamia 50 ule ukungu hutoweka na sakafu huonekana. Tulikuwa tukihakikisha kwa bildi, ile timazi ya kamba ya kupimia kina, kwa sababu bildi haina ukungu. Sikuwahi kujua sababu yake mpaka leo.

Msomaji wa Mawimbi

Nahodha, umenipa mfano bora kuliko wangu. Masafa 200 ni mara nne ya 50, na nne kwa kipeo cha nne ni 256. Chembe zile zile, maji yale yale, kioo cha 200 huzisikia mara 256 kuliko cha 50.

Mpimamaji wa Darajani

Ahsanteni sana. Nimeshinda nalo hili siku tatu, na sasa naweza kuleta majibu.

Nilianza na chupa ya Mzee. Sampuli ya mafuriko niliyokuwa nimeihifadhi niliitikisa mbele ya mkuu wangu, nikaiweka juu ya meza yake saa mbili na nusu asubuhi. Baada ya nusu dakika palikuwa na mchanga mwembamba chini, kama sukari iliyobaki kwenye kikombe, na juu yake maji yalikuwa bado mekundu vile vile. Alipotoka kwenda kula adhuhuri, maji yalikuwa mekundu bado. Jioni alipofunga ofisi, sehemu ya juu ndiyo kwanza ilianza kuonyesha mwanga. Hakusema neno juu ya muuzaji tena. Sampuli ya ukame ilikuwa kinyume kabisa: mchanga ulishuka mara moja, na maji yakabaki karibu safi.

Kisha nikachora kama mlivyoniagiza. Siku ya ukame mstari umelala, tena unainuka kidogo ukikaribia sakafu. Siku ya mafuriko unateremka kwa nguvu tangu seli ya kwanza, kisha chini ya mita 2 unalala ghafla. Hapo pa mwisho ndipo sipaelewi: kwa nini uache kuteremka wakati tope bado lipo?

Mwalimu wa Maabara, Kisumu

Samahani kwa kuingia kati. Kwa nini msitumie kipima tope cha mwanga, ambacho kwa mto kama huu ni rahisi na ni cha bei nafuu? Sisi katika mitambo ya kusafisha maji ndicho tunachokitegemea.

Mzee wa Mikondo, Morogoro

Mwalimu, swali lako ni la haki, na kusema kweli ningeanza nacho pia. Mwanga huakisiwa na eneo la uso wa chembe, na kwa uzito ule ule chembe ndogo ndizo zenye eneo kubwa, hivyo kipima mwanga husikia mfinyanzi na hakioni mchanga vizuri, kinyume kabisa cha mwangwi. Vikiwekwa pamoja husaidiana. Udhaifu wa cha mwanga ni kwamba hupima mahali pamoja tu mbele ya kioo chake, mwani humea juu ya kioo hicho, na katika tope zito sana husoma mpaka kikomo chake kisha hukwama hapo. Sauti hupita kwenye utando wa mwani bila kusumbuka sana, na hupima upana wa mto badala ya tone moja.

Kijana wangu wa darajani, mstari wako uliolala chini ya mita 2 si mto. Huo ni mnong'ono wa umeme wa kifaa chenyewe. Kifaa chako hakitoi desibeli moja kwa moja. Hutoa namba, na kila namba ni kama desibeli 0.45, ingawa kila kipaza mlio, yaani kile kinachotoa na kupokea sauti, kati ya vinne vya kifaa kina kiasi chake kinachotofautiana kidogo na wenzake. Mwangwi ukishamezwa wote, namba hushuka mpaka kwenye kiwango cha kelele ya ndani na haishuki tena. Kisha programu, bila kujua, huongeza ushuru wa umbali juu ya kelele hiyo na kukupa mashapo yasiyokuwepo. Tafuta kiwango hicho cha kelele kwa kila kipaza mlio, utupe kila seli iliyokikaribia, hata kama zitabaki seli tatu tu. Seli tatu za kweli zinatosha kupata mteremko.

Sasa kuhusu kuangalia chini. Mwenzetu wa Uholanzi amesema mteremko ni halali ikiwa mashapo yametawanyika sawasawa njiani. Tope hutawanyika hivyo kutoka juu hadi chini, lakini mchanga huongezeka ukikaribia sakafu, na ndiyo maana mstari wako wa ukame unainuka. Kwa hiyo ukiangalia chini, mchanga huuinua mstari huku tope likiuteremsha, na hutajua kila mmoja amefanya kiasi gani. Kifaa cha kupiga kwa mlalo ndicho jibu, kikifungwa kwenye nguzo ya daraja au ukingoni. Mnapokitafutia mahali, msikiweke chini sana, kwa sababu Sabaki huhamisha mchanga wa sakafu na kinaweza kufukiwa katika msimu mmoja. Msikiweke pia nyuma ya nguzo panapochemka povu, kwani viputo vya hewa hurudisha mwangwi kuliko mashapo yoyote.

Wakati mkisubiri, tumia seli za juu za kifaa ulicho nacho kukadiria tope peke yake, siku zile mto ukiwa mwekundu, na kila mara uchukue chupa katika kina kile kile na dakika ile ile, tenganisha mchanga na tope. Chupa ya juu ya maji haiwezi kusahihisha mwangwi wa mita 2. Na sampuli zisichukuliwe zote wakati mto unapopanda: kichwa cha mafuriko hubeba tope la mashambani, mkia wake huja na udongo wa aina nyingine, na mstari uliojengwa kwa kichwa peke yake hudanganya mkiani.

Mpimamaji wa Darajani

Nimeelewa, Mzee. Nguzo ya tatu upande wa kusini haina povu na maji yake hayakauki hata mwezi wa Septemba; nitaipima kina wiki hii. Swali langu la mwisho: mlango wa mto uko karibu, na bamvua likija chumvi hupanda. Je, nirekebishe nini?

Msomaji wa Mawimbi

Mambo mawili. Ushuru wa maji huongezeka, kwa sababu chumvi za bahari humeza sauti zaidi kuliko maji ya mto, hivyo weka karibu na kifaa sensa ya joto na ya chumvi, na hesabu ya kumezwa uifanye upya kila kipimo. La pili ni gumu zaidi: mfinyanzi ukikutana na chumvi hugandamana na kuwa mabonge mepesi, na mabonge hayo hayamezi wala hayarudishi sauti kama chembe zilizotengana. Uhusiano utakaoupata mto ukishuka usiutumie bamvua linapopanda. Tenga data za maji ya chumvi katika faili lake, na uzichukulie chupa zake zenyewe. Ukizichuja, suuza karatasi kwa maji yaliyotoneshwa kabla ya kuzitia tanurini, la sivyo utapima chumvi na kuiita mashapo.